Mwalimu Felista na Kikombe cha Mjomba

Leo Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Mwalimu Felista Kondo anastaafu baada ya kuitumikia Huduma ya Neno Nyumbani hapa Morogoro kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia mwaka 1994 akiwa msaidizi wa ofisi, binti mwembamba aliyekuja kazini kwa baiskeli yake mwenyewe. Anatoka akiwa mratibu wa usomaji wa familia. Baiskeli bado ipo, imeegemea ukuta wa stoo, haina tairi la mbele, na ameagiza isitupwe.

Aliyeombwa kuandika wasifu huu ni mimi, Hashimu Stambuli, dereva wa ofisi. Sababu niliyopewa ni kwamba hakuna aliyekaa naye garini muda mrefu kuliko mimi, na hilo siwezi kulikana. Hafidha wa mapokezi, ambaye ndiye anayechapa ratiba ya sherehe, alinipa ukurasa mmoja. Ijumaa nilimkabidhi ukurasa mmoja, safi, wenye tarehe na vyeo. Jana jioni nilimpigia simu nikamwomba autupe. Kwa nini nilifanya hivyo mtaona mbele, na kama karatasi mliyoshika ni nene kuliko mlivyotarajia, lawama ni zangu.

Kwa wageni wetu, niseme kwanza kazi yenyewe. Makanisa ya madhehebu mbalimbali hutualika, nasi huenda kuzisaidia familia zao kusoma Biblia pamoja, nyumbani, kwa sauti, kila mtu akisikia na kila mtu akisema. Mwalimu Felista hakuwahi kuhubiri, na aliyemwita mhubiri alisahihishwa papo hapo. Akiulizwa anafanya kazi gani, jibu lake lilikuwa kwamba anatandika mkeka. Mimi ni Mwislamu na swala zangu naswali, lakini kwenye mikeka hiyo nimekaa miaka mingi kama msikilizaji, maana Mwalimu Felista hakukubali mtu abaki kwenye gari wakati wengine wamekaa chini.

Kwenye mkeka wake hakuna kiti. Mchungaji anakaa chini, mpishi anakaa chini, na mwenye magoti mabaya anaegemezwa ukutani. Anayesoma ni yule aliyejua kusoma karibuni kuliko wote nyumbani, hata kama ni mtoto wa darasa la pili anayefuatisha mistari kwa kidole. Baada ya kusoma hakuna mahubiri. Kila mmoja anasema alichokiona, kuanzia mdogo, na mkubwa wa nyumba anasema mwisho.

Hapo kwenye kusema mwisho ndipo wengi walipopata tabu. Ngerengere tuliwahi kukaribishwa nyumbani kwa sajini mmoja, mtu mkarimu ajabu, ambaye nyumbani kwake hakuna aliyezoea kusema kabla yake. Zamu ilipokuwa inazunguka, sajini aliziba mdomo kwa kiganja. Mtoto wake wa mwisho aliposema kwamba Yona alikuwa na haki ya kukasirika, sajini alijisogeza akaukalia mkono wake mwingine. Garimoshi likapita, Mwalimu Felista akanyamazisha kikao mpaka mabehewa yote yaishe, na yule baba akaendelea kujizuia. Zamu yake ilipofika alisema tu kwamba hakujua kama watoto wake wana maneno mengi kiasi kile. Familia hiyo imehama mara kadhaa tangu wakati huo, na kila inapohamia huanzisha mkeka.

Jambo la pili alilolisisitiza ni nafasi ya asiyekuwepo. Kama kuna mtu wa nyumba ile hayupo, nafasi yake haikaliwi, na pale panawekwa kitu chake. Mke wa askari aliweka kofia ya mumewe aliyekuwa kazini mbali. Nyumba moja ya hapa Kihonda waliweka ndala za binti yao anayefanya kazi Muscat, ndala za rangi ya waridi, na kila mgeni alizikwepa kwa heshima. Mwalimu Felista alisema kwamba familia inayosoma huku imejifanya haijapungukiwa na mtu inasoma na uongo katikati.

Na la tatu ni kwamba kitabu hakitumwi. Kila kikundi kina Biblia moja inayozunguka nyumba kwa nyumba, imefungwa kwenye kanga. Nyumba iliyosomewa leo inakipeleka kitabu yenyewe, kwa mikono yake, mpaka nyumba inayofuata. Hakipewi bodaboda wala mpita njia. Watu wakinuniana, kitabu kinakwama, na Mwalimu Felista hakuwa na haraka ya kukikwamua. Kuna kikundi kitabu kilikaa nyumba moja masika yote, kwa sababu nyumba iliyofuata ilikuwa ya wifi. Mwishowe kilipelekwa, na walikunywa chai.

Sasa nieleze kosa lake kubwa, maana mwenyewe hulisimulia kila semina na angeshangaa nikiliruka. Miaka ya mwanzo ofisi yetu ilitoa mwongozo wa usomaji, na yeye ndiye aliyeuandika. Mwongozo ulisema baba wa nyumba aikusanye familia na kuiongoza. Mjini ulikwenda vizuri. Ulipopanda milimani kwetu, upande wa Mkuyuni, ulikwama pale pale. Nyumba ya kwanza tuliyoingia, baba mwenyewe alikaa karibu na mlango, amevaa viatu, anajibu kwa kichwa tu.

Aliyetufungua macho ni Bibi Shamsia. Bibi huyu ni Mwislamu, dada wa mama mwenye nyumba ile, na alikuwa amekuja kumtazama mdogo wake. Alikaa ukingoni mwa mkeka akipukuchua kunde, akaona jinsi yule baba anavyotokwa jasho, mwisho akasema: "Mwanangu, mmemwita mgeni awakaribishe wenyeji." Akaendelea na kunde zake.

Kwa wasiotoka huku, Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama. Ardhi ni ya ukoo wa mama, watoto ni wa ukoo wa mama, na mtu mwenye kauli juu yao ni mjomba, yaani kaka wa mama yao. Yule baba alikuwa amejenga kwa wakwe zake, kwenye ardhi ya wakwe zake, mbele ya shemeji zake, halafu karatasi kutoka mjini inamwambia yeye ndiye akusanye watu. Mwalimu Felista ni Mluguru wa huko huko. Alizaliwa juu ya Mkuyuni, kaka yake alikuwa mjomba wa wanawe, na haya yote aliyajua tangu ananyonya. Aliandika mwongozo akiwa mezani mjini, chini ya feni, na milima ikamtoka kichwani. Njia nzima ya kurudi alikuwa anajipiga paji la uso na kucheka. Tangu siku hiyo tukifika milimani, mtu wa kwanza kutafutwa alikuwa mjomba, na nyumba zilifunguka.

Ninachokiandika sasa watu wa ofisi tunakijua wote, ila hatukuwa tukikisema mbele yake. Mwalimu mwenyewe alinipa ruhusa jana.

Nyumbani kwake Kihonda, kwenye mkeka wake, kuna nafasi iliyokaa bila mtu tangu mwaka 2014. Kitu kilichowekwa pale kilikuwa kikombe cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi ukingoni, kimefunikwa mdomo chini. Ni kikombe cha kaka yake, Frank Kondo. Ndicho alichokuwa akinywea chai kila alipoteremka mjini na mizigo ya pilipili manga, kabla hawajakosana.

Mama yao alikuwa ameletwa mjini kutibiwa, akafariki katikati ya masika. Daraja la kwenda juu lilikuwa limechukuliwa na maji, na simu kule mvua ikinyesha hazishiki. Mwalimu Felista alimsubiri kaka yake siku mbili. Mumewe alikwisha tangulia mbele ya haki, watoto walikuwa bado shuleni, na majirani na wazee wa kanisa walimshauri asisubiri zaidi. Akamzika mama hapa hapa Kihonda. Kumbe habari za msiba zilifika juu kwa mtu aliyekatisha kwa miguu, na Frank na wazee walikwisha chimba kaburi kwenye ardhi ya ukoo, kando ya bibi yao. Frank mwenyewe alishuka kwa miguu kupitia milimani kuja kumchukua mama. Alipofika, udongo ulikuwa umeshasawazishwa.

Kaburi lililochimbwa haliachwi wazi. Wazee kule juu walizika shina la mgomba. Frank, mkubwa wa familia, mjomba, mtu ambaye bila kauli yake hakuna msiba wala harusi, ndiye aliyesimama pale kusimamia mgomba ukifukiwa. Kabla ya hapo, akijua kinachomngoja juu, alisimama kwenye geti la dada yake, hakuingia, akasema maneno matatu tu: "Umenizikisha mgomba, Felista." Nilikuwepo. Akageuka akaondoka, na hakurudi.

Sina hukumu ya kutoa. Kila nikiliwaza naona mmoja ana haki, halafu namwona na mwingine naye ana haki. Ninachojua ni kwamba kwa miaka yote hiyo, tukipita kwenye njia ya mguu inayoingia kwa Frank, Mwalimu Felista aliniomba nipunguze mwendo. Aliangalia migomba, tukapita. Alituma salamu kwa watu, alituma na sukari. Sukari ilirudi. Watoto wake wawili walifunga ndoa bila mjomba, na harusi zote mbili kikombe kiliwekwa meza kuu, kimefunikwa.

Haya hayakumfanya mtu wa huzuni, na ningekuwa mwongo nikimchora hivyo. Aliimba garini, kwa sauti ambayo Mungu pekee ndiye anayeijua ni ya ngapi. Alinunua mafenesi Mkuyuni na kuyaficha nyuma ya kiti changu akidhani sitasikia harufu. Mwaka mmoja gari lilinuka fenesi mpaka Krismasi, na mkaguzi aliyetujia kutoka Dar aliuliza kwa upole kama tunabeba matunda kibiashara. Wanafunzi wa vyuo waliokuja kujitolea kwetu walimwogopa wiki ya kwanza na kumlilia wiki ya mwisho. Alisimamia kuanzishwa kwa vikundi mjini, Ngerengere, Kihonda na milimani, zaidi ya niwezavyo kuvitaja bila kusahau kimoja na kuulizwa kesho.

Lakini kulikuwa na jambo moja katika usomaji wake ambalo mimi sikuligundua, wala mkurugenzi, wala wachungaji. Hadithi aliyoipenda kuisomesha familia ni ya Yusufu na ndugu zake. Huigawa vipande, wiki kwa wiki, na huikatisha pale inapouma ili watu warudi. Humalizia pale mzee Yakobo anapokutana na mwanawe Misri, wanakumbatiana, wanalia, watu wanarudi makwao wamefurahi. Kitabu bado kina sura mbele yake. Yeye husema muda umekwisha.

Mwezi Mei mwaka huu tulipanda Mkuyuni kuwaaga. Bibi Shamsia sasa ni mzee sana, macho hayaoni vizuri, lakini alikuja kukaa ukingoni kama kawaida yake. Yusufu hata sisi tunaye, huwa anasema, kwa hiyo hakosi. Watu walipokuwa wanashukuru na kuaga, akauliza kwa sauti, "Na yule mzee aliishia wapi?" Mwalimu Felista akamwuliza mzee yupi. "Yule baba yao. Kila mwaka mnampeleka kwa mwanawe, halafu mnamwacha huko. Hafi? Hazikwi?" Mtu mmoja akacheka. Bibi Shamsia hakucheka. Ni wa ukoo mmoja na akina Kondo, na anajua mgomba umezikwa wapi. Akasema, kwa sauti ya chini sasa, "Miye nakupenda, mwanangu. Unawaambia wenzio kitabu hakitumwi. Wewe umempelekea nani?"

Wanaoijua sura hiyo ya mwisho ya kitabu cha Mwanzo wanaelewa kwa nini alikuwa akiiruka. Yakobo anafia ugenini, na watoto wake wote wanaungana kumbeba, safari ndefu, mpaka kwenye kaburi la wazee wake. Hiyo ndiyo habari ambayo Mwalimu Felista hakuweza kuisoma mbele ya watu.

Kurudi, tulipofika ile njia ya mguu, sikusubiri kuambiwa nipunguze mwendo. Aliniambia nisimame. Akachukua Biblia ya mzunguko ya kikundi cha Kihonda, ambayo zamu hiyo ilikuwa kwake na alikuwa nayo mkobani, akaishika kifuani kwenye kanga ya marehemu mama yake, akaingia migombani. Nilibaki barabarani. Ni mara pekee aliyoniacha kwenye gari.

Alichonisimulia aliporudi ni kifupi. Alimkuta Frank anachambua pilipili manga uani. Alimwamkia, akaitikiwa. Akapewa kigoda na maji. Alimwambia kaka yake kwamba sura inayofuata ni ya maziko ya Yakobo, nyumba inayofuata ni yake yeye Felista, na siku ni Jumapili ya mwisho ya Juni. Frank hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mwalimu akakiacha kitabu juu ya kigoda akaondoka. Kwa utaratibu aliouweka mwenyewe, mwenye kitabu ndiye wa kukileta, na hakileti mwingine.

Wiki zilizofuata ofisi ilikuwa ya ajabu. Tunaandaa sherehe, tunaagiza keki, na kila mmoja anawaza kitabu. Hafidha aliacha kuuliza lakini kila gari la Mkuyuni likitajwa aliinua kichwa. Mwalimu Felista alikabidhi funguo, alikabidhi mafaili, alimfundisha anayechukua nafasi yake jinsi ya kumkalisha chini mkuu wa shule. Juu ya kaka yake alisema mara moja tu. Alisema Frank asipokuja, yeye atakuwa amestaafu kazi aliyowafanyia wote isipokuwa yeye mwenyewe.

Ukurasa wangu wa Ijumaa haukuwa na lolote kati ya haya.

Jana tulikusanyika nyumbani kwake Kihonda baada ya ibada. Watoto wake walikuwepo na wake na waume zao, jirani zake, mkurugenzi, Hafidha na mimi. Mkeka ulitandikwa sebuleni mpaka barazani. Kikombe cha bluu kiliwekwa mahali pake. Biblia zilikuwepo nyumba nzima, mkurugenzi mwenyewe alikuwa nayo kwenye simu, lakini mwenye nyumba alisema itasomwa ile iliyo njiani au haitasomwa. Tukakaa. Chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Wenye magoti mabaya wakaanza kujigeuza. Mkurugenzi alijaribu kwa adabu kusema labda tuanze na wimbo, akaangaliwa, akatulia. Mwalimu Felista alikaa amenyoosha miguu, anakunja na kukunjua pindo la gauni lake.

Geti likalia. Frank Kondo aliingia bila kupiga hodi, kama mtu anayeingia kwake. Amezeeka. Pindo za suruali zilikuwa zimejaa mbegu za nyasi, viatu vina udongo, na chini ya kwapa alikuwa na kitabu kwenye kanga ya mama yao. Aliomba maji anawe mikono. Mpwa wake mkubwa, mwanamume mwenye ndevu sasa, ndiye aliyemmiminia, akamwambia shikamoo mjomba. Frank aliitikia marahaba kwa kila mmoja, akamtaja kila mmoja kwa jina lake. Alipofika kwa mjukuu wa Felista, ambaye hakuwahi kumwona, aliuliza huyu ni nani, akaambiwa ndiye msomaji wa leo. Akampa kitabu yeye.

Kisha akatafuta pa kukaa. Aliona nafasi, akaona kikombe. "Kumbe mlikitunza," akasema, akakiokota na kukaa nacho mapajani.

Mtoto alisoma kwa kidole, polepole, na hakuna aliyemsaidia. Yakobo alikufa. Watoto wake walimlilia, wakambeba, wakavuka naye nchi, wakamzika kwa wazee wake. Nilikuwa namtazama Mwalimu Felista na sikuweza kumtazama sana. Mtoto hakuishia hapo, maana sura haiishii hapo. Akasoma mpaka Yusufu naye anakufa, anawekwa kwenye sanduku, huko huko Misri.

Zamu ikazunguka. Mtoto alisema ameona farasi. Hafidha alisema ameona jinsi ndugu walivyoendelea kuogopa hata baada ya kusamehewa. Mimi nilisema nimeona safari ndefu, na dereva asiseme zaidi ya hapo. Zamu ya Mwalimu Felista ilipofika, alisema kwamba sura hii ameiruka miaka kumi na mmoja kwa sababu ya hofu, na kwamba daraja lilikuwa limekwenda na maji na hakujua la kufanya. Binti yake alimshika mkono.

Ikabaki zamu ya mkubwa. Frank alizungusha kikombe mikononi. Nje kulikuwa na watoto wa jirani wanacheza, tukawasikia vizuri. Halafu akasema, bila kumtazama mtu: "Mmoja walimrudisha kwao. Mwingine walimwacha ugenini. Na wote wawili ni wa Mungu."

Akamgeukia dada yake.

"Nimechelewa kwa sababu nilipitia kwa mama. Kulikuwa na majani, nikapalilia. Amelala pazuri, Felista."

Ndugu wawili walilia kwa sauti, mbele ya wageni, kama wanavyolia watu waliochelewa msibani. Walipotulia, Frank alikigeuza kikombe mdomo juu, akamnyooshea dada yake. Chai ilikuwa imepoa kabisa. Dada alimmiminia hivyo hivyo, na Frank aliinywa yote.

Ndiyo maana Hafidha alichapa usiku na mimi nikaandika upya.

Mwalimu Felista, ofisi hii inakushukuru. Wanakushukuru akina baba uliowafundisha kusema mwisho, na akina mama waliosikika kwa mara ya kwanza kwenye nyumba zao wenyewe, na watoto waliojifunza kusoma kwa kidole mbele ya watu waliowasubiri. Nakushukuru na mimi, uliyekataa nibaki kwenye gari. Mungu akupe afya, akupe usingizi mzuri, na kila utakapotandika mkeka uwaone wako wote wamekaa.

Kuna taarifa moja imebaki, nayo ni ya kiutawala. Kabla ya kuondoka jana, Frank aliifunga Biblia kwenye kanga akamkabidhi dada yake, akasema usomaji unaofuata ni kwake, Jumapili ijayo, ukoo mzima unaitwa. Kitabu hakitumwi, kwa hiyo lazima akipeleke mwenyewe. Mstaafu haruhusiwi gari la ofisi, kanuni naijua vizuri. Nimemwomba mkurugenzi anisamehe safari hii moja. Amekubali, kwa sharti kwamba na yeye anakuja, kiti cha mbele ni chake, na hataki kusikia harufu ya fenesi.